Picha ya Kichwa cha Baba

Baba yangu alikuwa mchinjaji. Sisemi muuza nyama, kwa sababu watu walikuwa wakimchanganya hivyo na yeye alikuwa akikasirika kweli. Bucha hakuwa nayo wala hakuitaka. Alikuwa na kisu kimoja, jiwe la kunolea, na mkono wa kulia ambao nusu ya Shinyanga iliujua.

Miaka ile ya sabini na mwanzoni mwa themanini, Msukuma wa vijiji vya jirani akioza mwanawe, awe Mkristo au awe mtu wa mizimu ya babu zake, alijua kwamba kati ya wageni watakuwemo Waislamu wa mjini, na Mwislamu hali nyama asiyojua imechinjwa na nani. Dume la ng'ombe likichinjwa ovyo, wageni wengine wangekula ugali na mlenda huku wenzao wanatafuna mbavu, na hiyo ilikuwa aibu kwa mwenye shughuli. Basi mtu alitumwa kwa baiskeli mpaka kwetu Ngokolo kumchukua baba. Alikaa nyuma kwenye keria amevaa kofia yake, kisu amekifunga kwenye kitambaa cheupe, anasalimia njia nzima "mwangaluka, mwangaluka" kwa Kisukuma chenye lafudhi ya Tabora alikotoka babu yake. Watu walimcheka, naye alicheka nao.

Alikuwa na masharti yake. Ng'ombe asione kisu. Asilazwe chini kabla kila kitu hakijawa tayari. Akatwe mara moja, basi. "Mnyama hana kosa," alikuwa akisema, "asiumie kwa uzembe wangu." Na kisu ni mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto baba hakupokea hata kibiriti, na ukimpa kitu kwa mkono huo alikuacha umeunyoosha mpaka uchoke mwenyewe.

Nilipochumbiwa, posa ilipokelewa kwa sharti moja. Dume la harusi yangu atalichinja yeye. "Nimewachinjia mabinti wa watu miaka ishirini," alisema mbele ya wazee wa upande wa pili. "Wa kwangu simwachii mtu." Mchumba wangu alikuwa fundi wa pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyarugusu, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi. Alicheka akakubali. Nani angekataa sharti kama hilo? Harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno baba alisafiri kwenda Nairobi. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena baada ya kufungwa miaka mingi, na mdogo wake alikuwa kule tangu ujana, dereva wa daktari mmoja. Hawakuwa wameonana tangu mpaka ufungwe. Baba alisema hawezi kuoza binti bila kumwambia mdogo wake uso kwa uso. Aliondoka na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chupa ya samli, amevaa suruali yake ya Idi.

Siku ya pili baada ya kufika, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, alianguka. Upande wote wa kulia ulikufa ganzi na mdomo ukapinda. Kwetu mtu akipatwa na hali hiyo ilisemwa kapigwa na upepo mbaya, akakandwa kwa maji ya moto, na watu wakasubiri waone. Baba hakusubirishwa. Yule daktari alimpeleka mwenyewe hospitalini, na kabla ya adhuhuri baba alikuwa amelazwa ndani ya mashine mpya iliyoweza kupiga picha ya ubongo ukiwa bado ndani ya fuvu. Sisi Shinyanga mashine hiyo hatukuwa tumeisikia hata kwa jina. Ikaonekana ni kiharusi, na cha aina ile ambayo mshipa unapasuka na damu inamwagika kichwani.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, akisindikizwa na mpangaji mwenza wa baba mdogo. Walimshusha kwenye basi watu wawili. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama si wake. Kifuani, chini ya shati, alikuwa amebeba bahasha kubwa ya kaki, na ndani yake mlikuwa na ile picha ya kichwa pamoja na barua ya Kiingereza. Daktari alikuwa amemwambia baba mdogo kwamba maelezo yote yamo humo, na baba mdogo akasema haina shida, kule nyumbani yupo binti mwalimu.

Binti mwalimu ndiye mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na chuo cha ualimu, nafundisha shule ya msingi hapo hapo mjini, na baba alinitangaza kila kibaraza. "Binti yangu anasoma Kiingereza kama anakunywa uji," alikuwa akisema. Nilikuwa najifanya kuona haya, lakini nilipenda.

Tulikaa uani baada ya sala ya alasiri. Baba kwenye kiti, mama kwenye mkeka, na mlangoni majirani wawili watatu ambao hakuna aliyewaita na hakuna ambaye angewafukuza. Nilifungua barua nikaisoma kimya kwanza.

Daktari alieleza kwamba damu ilimwagika ndani sana, upande wa kushoto wa ubongo, karibu na mahali ambapo amri zote za kwenda mkono na mguu wa kulia hupita zikiwa zimebanana kwenye njia nyembamba. Kwa kuwa picha ilipigwa mapema, aliweza kuona damu imepita wapi. Njia ya mguu ilikuwa imeguswa pembeni tu. Njia ya mkono ilikuwa imekatika. Kwa hiyo, kwa kadiri alivyoweza kukisia, baba atatembea tena, pengine kwa fimbo, lakini kiganja cha kulia asikitegemee. Damu yenyewe mwili utainyonya na itakwisha, ila njia iliyokatika haitajiunga. Baba asipoteze miezi ya mwanzo kuungoja mkono huo. Aanze mara moja kuufundisha wa kushoto, maana hiyo ndiyo miezi ambayo mtu hujifunza upesi. Na ule wa kulia unyooshwe kila siku, la sivyo vidole vitajikunja na kukakamaa.

Niliisoma mara mbili. Naomba hili lieleweke, kwa sababu baadaye mama alijaribu kunitetea, akisema labda Kiingereza cha madaktari kilinishinda. Hakikunishinda. Nilielewa kila neno.

"Haya, mwalimu," baba akasema. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa kujiburuza. "Anasemaje?"

"Anasema mguu utarudi. Utatembea."

"Alhamdulillahi. Na mkono?"

Alikuwa ananiangalia. Nimejaribu miaka mingi kueleza macho yale na sijaweza, kwa hiyo nitasema tu kwamba niliogopa. Sikumwogopa yeye. Niliogopa kuwa mimi ndiye mtu atakayesema.

"Mkono nao utarudi," nikasema. "Ila utachelewa. Na tuwe tunaunyoosha kila siku."

Mama akapiga kigelegele. Majirani wakasema walijua tu. Habari ya mkono wa kushoto niliiruka yote, nikaikunja barua, nikairudisha kwenye bahasha na bahasha nikaitia chini kabisa ya sanduku langu la nguo. Nilijiambia kwamba nitasema kweli wiki ijayo, baba akipata nguvu. Uongo wangu wote mkubwa nimeuanza kwa namna hiyo, kwa kupanga kuumaliza wiki ijayo.

Ile picha sikuweza kuificha kwa sababu baba aliitaka. Ilikuwa karatasi nyeusi ya plastiki, yenye vichwa vidogo vingi vilivyopangwa mistari, kila kimoja kimekatwa juu kidogo ya mwenzake kama mtu anavyokata kitunguu. Katika vichwa vinne vya katikati palikuwa na doa jeupe, la ukubwa wa punje ya karanga. Hiyo ndiyo damu. Baba aliamuru itundikwe kwenye dirisha la chumba cha mbele kwa vibanio vya nguo, ili mwanga upite. Ngokolo nzima ikaja kuona. Baba yangu alikuwa mtu wa kwanza pale mtaani kupigwa picha ya ubongo, na kwa muda fulani jambo hilo lilimpa heshima kuliko hata kisu.

Kosa lililofuata ni la nyumba nzima, lakini mwenye kulijua kuwa ni kosa nilikuwa mimi peke yangu. Baba aliamini kwamba picha ile inaonyesha kichwa chake kama kilivyo leo. Hakuna aliyemwambia hivyo, na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Ni picha iliyotoka kichwani mwake, basi ilikuwa na uhusiano naye. Kila Ijumaa akitoka kuoga alisimamishwa dirishani, mama akaliwekea doa ukucha wa kidole gumba, naye akapima kwa macho.

"Limepungua," alisema mwezi wa pili.

"Limepungua kweli, baba," mama akajibu, naye alikuwa anaona hivyo.

Jirani yetu mmoja, mzee mfugaji aliyehamia mjini kwa wanawe, aliletwa athibitishe. Alikodoa macho, akaikaribia karatasi mpaka pua ikaigusa. "Ee, hiki kidonda kinapona, bwana," akasema. "Hapa pembeni pamekuwa peusi." Palikuwa peusi kwa sababu ya vidole vyenye mafuta, vya watu wote waliopita kuonyeshana. Jua la dirishani nalo lilikuwa linaibabua karatasi taratibu, na pembe moja ilianza kuwa ya manjano. Mimi niliyekuwa nafundisha watoto wa darasa la sita sayansi nilisimama nyuma yao nimeshika ufagio. Nikaendelea kufagia.

Na mguu ukarudi. Hapo ndipo nilipofungwa. Mwezi wa tatu baba alisimama mwenyewe, wa nne alitembea uani kwa fimbo, mguu ukichora nusu duara kwenye vumbi. Kila hatua aliyopiga ilikuwa ushahidi kwamba ile barua ni ya kweli, yaani barua yangu, ile niliyowasomea. "Si alisema utarudi? Umerudi," mama aliwaambia watu. "Na mkono alisema utachelewa tu."

Mavuno yakaja yakapita. Baba alituma ujumbe Nyarugusu kwamba harusi isogezwe kidogo mkono upate nguvu. Ikasogezwa mpaka baada ya kilimo. Kilimo kikapita, ikasogezwa tena. Wakati wote huo baba hakutaka mkono wa kushoto ufanye lolote zaidi ya kushika fimbo. Kula alilishwa na mama nyuma ya pazia, mlango umefungwa, na mgeni akija wakati wa chakula baba alisema ameshiba. Mtu aliyekuwa akikaa kwenye sinia na wanaume wenzake akawa anakula kwa kujificha. Kufunga vifungo, kutawadha, kushika kikombe, vyote vilimngoja mama. "Nikiuzoesha wa kushoto, wa kulia utajua umepata likizo," alisema, na watu wakacheka. Mimi nikaenda jikoni kulia kwa hasira, tena hasira za kijinga, namkasirikia yeye kwa kuniamini.

Mchumba wangu alikuja kututembelea, nikamwambia. Ndiye mtu pekee niliyemwambia. Tulikuwa tumesimama karibu na kisima cha mtaa, na nilikuwa nategemea ataniambia kwamba nilifanya kwa mapenzi.

"Kule kwetu duarani," akasema, na duara ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo la dhahabu, "njia ikiporomoka tunajua siku ileile. Hatukai juu tukaingoja ijizibue. Tunachimba ya pembeni, na tunaanza mapema, kabla ya maji kujaa." Kisha akaongeza: "Wewe umemkalisha mzee juu ya shimo mwaka mzima."

"Kwa hiyo unanilaumu."

"Nakwambia kamwambie."

"Nitamwambia."

"Mimi harusi naweza kuingoja," akasema. "Lakini yeye haingoji harusi. Anaungoja mkono."

Alirudi Nyarugusu na basi la mchana, na sikumwambia baba wiki ile wala iliyofuata.

Kisha vidole vikaanza kujikunja. Kunyoosha tulikuwa tumeacha zamani, kwa sababu baba alikuwa anaumia na mama alikuwa hawezi kumsikia akiguna. Kwanza kidole kidogo, kisha vyote, vikafunga ngumi taratibu kama ua linalofunga jioni. Barua ilikuwa imesema. Lakini baba aliita nyumba nzima kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aondoke kwenda Nairobi.

"Umeanza kushika! Mama, njoo uone, umeanza kushika!"

Mama alichukua kisu, akavifungua vidole kwa nguvu, akaingiza mpini, na vidole vikaufunga mpini wenyewe. Baba akauinua mkono kwa bega, kisu kimesimama mbele yake. Alikuwa analia machozi. Mama alikuwa analia. Mimi pia nililia, na wote wawili wakanikumbatia wakidhani tunalia kitu kimoja.

Akatangaza kwamba Idi hiyo atachinja kuku, ajipime, na mambo yakienda vizuri mwezi unaofuata tuite watu wa Nyarugusu.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, tulikuwa uani sisi watatu tu. Mama aliwazuia majirani, sijui kwa nini, pengine moyo ulimwambia. Jogoo mwekundu. Mama alimlaza, akamshika mabawa na miguu, shingo akainyoosha kwenye ubao. Mimi niliufungua mkono wa baba na kuweka kisu, na vidole vikakibana. Baba akaelekea kibla, akataja jina la Mungu kwa sauti, akashusha.

Mkono haukufuata. Bega lilikwenda, kiwiko kilibaki kimekunjika, na kisu kikapita juu juu kwenye manyoya na ngozi. Jogoo alijirusha akamponyoka mama, akakimbia na damu mpaka kwenye ua wa minyaa, akajigonga huko akipiga kelele. Mama alimfukuza. Alimrudisha amembana kifuani.

"Nipe kisu nimmalize!" mama alimwambia baba. "Haraka, ataharibika!"

Baba alitaka kutoa. Niliona anataka. Vidole vilikataa kufunguka. Kadiri alivyohangaika ndivyo vilivyozidi kubana, na mimi nikawa navivuta kimoja kimoja, na jogoo akatulia mikononi mwa mama kabla hatujakipata kisu. Nyamafu. Hakuna wa kumla. Baba, ambaye hakuwahi kumtesa mnyama hata mmoja katika maisha yake, alisimama akimwangalia jogoo yule kwa muda mrefu, na damu ilikuwa imeruka kwenye kanzu yake ya Idi.

"Nileteeni picha," akasema.

Mama akaitoa dirishani. Baba aliinua uso, akamwambia aishike juani, akaangalia.

"Doa hili limebaki kidogo mno," akasema, na hakuwa akituambia sisi. "Limekaribia kwisha. Sasa mbona mkono hausikii?"

Nikasema. Sikupanga maneno. Nilisema kwamba doa halijapungua hata kidogo, kwamba picha ni ya siku ile aliyoanguka na itabaki ya siku ile mpaka ichanike, kwamba kilichopungua ni wino wa karatasi. Nilisema barua haikusema mkono utarudi. Ilisema hautarudi, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza.

Mama alikaa chini na jogoo wake.

"Ilete," baba akasema.

Niliitoa sandukuni. Akaniambia nisome Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, mstari kwa mstari, nisiruke. Nilisoma. Nilipofika kwenye habari ya mkono wa kushoto na miezi ya mwanzo aliinua fimbo.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia mara ya tatu. Alihesabu kimya, midomo ikimcheza. Ilikuwa mwaka mmoja na miezi miwili tangu barua ile ifike.

"Barua hii ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yako, baba."

"Na mimi nilikuwa mtoto?"

"Niliogopa, baba. Nisamehe. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Umeogopa wewe," akasema, "nimekaa kitako mimi." Akageuka akaingia ndani, mguu unachora vumbi, na kwa siku tisa hakunisemesha. Shikamoo yangu aliiitikia, kwa sababu shikamoo ni dini yake ya pili. Zaidi ya "marahaba" sikupata neno.

Siku ya kumi nilirudi kutoka shuleni nikamkuta uani, amekaa kwenye kigoda, rundo la mabua ya mtama mbele yake, na kisu mkono wa kushoto. Alikuwa anakata. Alikata vibaya. Kisu kilikwenda upande, bua lilipasuka badala ya kukatika, na alama za damu zilikuwa gotini alipojikata. Alikuwa amevua shati lake kwa sababu ya jasho. Hakuinua uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogeza yale mabua mengine."

Nikasogeza. Tangu siku hiyo kila jioni kazi yangu ikawa kuokota mabua kutoka mashambani na kuyaleta. Alihama kwenye mabua akaenda kwenye mashina ya mipapai, kutoka mipapai akaenda kwenye viazi. Kula alianza kwa mkono huo huo, peke yake kwanza, uji unamwagika kifuani, na mama akigusa kijiko alifokewa. Vidole vya kulia tulirudi kuvinyoosha, na viliuma, na tuliendelea. Picha hakuitundika tena. Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo akaniita na kuniambia niandike barua Nyarugusu kwamba harusi ni mwezi unaofuata. Imetosha, akasema.

"Na dume?" nikauliza.

"Dume langu. Sijabadilisha."

Siku ya harusi nilikuwa chumba cha mbele nimefunikwa kanga, mikono na hina, na kupitia lile dirisha lililokuwa na picha niliweza kuona uani. Dume lilikuwa limefungwa kwenye mti, jekundu, zuri, limeletwa na mchumba wangu kwa miguu kutoka mnadani. Wanaume walikuwa wameshika kamba tayari kulilaza. Wageni walikuwa wengi, wa mjini na wa vijijini, na hata wale waliokuwa wakimbeba baba kwa baiskeli walikuwepo, wamekaa pamoja wakiongea Kisukuma.

Baba alitoka amevaa kanzu nyeupe na kofia. Kisu kilikuwa kwenye kitambaa. Akasimama nyuma ya dume, mahali ambapo haliwezi kumwona, akampa mama fimbo, akafungua kitambaa kwa meno na kushika kisu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu hewani mara moja. Mara mbili. Kutoka dirishani niliona ncha ya kisu inavyotetemeka. Ilikuwa inatetemeka kidogo tu. Kwa kuku ingefaa. Wanaume walikuwa wamekaza kamba, wanamwangalia yeye awape ishara.

Hakutoa ishara. Alishusha mkono. Akatazama kwenye kundi la wageni akamwita mchinjaji mwenzake wa upande wa pili wa mji, mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa akimtania kwamba anachinja kama anapasua mbao.

"Njoo," akamwambia. "Mnyama hana kosa."

Akampa kisu kwa mkono wa kushoto. "Niwie radhi kwa mkono," akasema, na yule bwana akakipokea kwa mikono yake miwili. Sikuona walipolilaza dume. Nilikuwa nimejifunika kanga uso mzima na shangazi zangu wakidhani ni haya za bibi harusi.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, mama aliingia na sahani iliyofunikwa. Ndani yake mlikuwa na maini ya kuchoma. Vipande havikulingana hata viwili. Vingine vinene, vingine vimechanika, kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa mwenzake kwa uzi wa nyama. Baba yangu ambaye zamani alikata maini ukadhani yamepimwa kwa rula.

"Amekuandalia mwenyewe," mama akasema. "Amekaa kwenye sinia na wenzake, anakula nao kwa mkono ule, mbele ya watu." Akaniwekea sahani mapajani. "Na amenituma. Amesema nikwambie hivi: hii ni kazi ya miezi minne. Angepewa mwaka wote, angechinja."

Shangazi mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa baba kama mizaha yake mingine. Mimi nilifunua kanga mdomoni nikaanza kula. Nilikula vile vinene na vile vilivyochanika, nilikula mpaka kile kilichokuwa kinaning'inia, na nilipomaliza nilimwomba mama ampelekee baba sahani aione ni tupu.